Labrador ao Golden: nani aingie katika lupango?



Kwa majuma kadhaa swali moja limekuwa likirudi katika mikutano yetu, hasa pale kazi inapokwisha na wamama wanabaki kuongea. Watoto wameona katika simu mbwa mkubwa wa rangi ya asali anayecheza na mtoto mchanga, na sasa wanamtaka nyumbani. Familia nyingine zina ndugu ao jirani mgeni anayerudi kwao na anatafuta mtu wa kumwachia mbwa wake. Baba anapenda, watoto wanaruka kwa furaha, na mama anaulizwa mwisho kabisa: tuchukue Labrador ao tuchukue Golden?

Jibu letu tunalitanguliza, kwa ajili ya yule mwenye sufuria motoni asiyeweza kusoma mpaka mwisho. Mbwa hao wawili ni kama watoto wa baba mkubwa na baba mdogo. Wanafanana tabia, wanafanana ukubwa, wanafanana hata magonjwa. Kwa maisha ya hapa kwetu, kinachowatenganisha zaidi ni nywele. Penye joto, Labrador ni afadhali. Penye baridi ya milima, na kama kuna mtu wa kumchana, Golden anaweza kukaa vizuri. Lakini kuna swali linalotangulia hilo, na ndilo tunataka mlipeleke nyumbani: nani atabeba kazi na gharama ya mbwa huyu kwa miaka 10 mpaka 12? Kama jibu ni "mama", basi neno la mwisho ni la mama.

Wanatoka wapi

Wote wawili wako katika kundi linaloitwa retriever, maana yake mbwa wa kurudisha. Zamani wawindaji wa Uingereza walipopiga bata kwa bunduki, bata aliangukia majini ao katikati ya majani marefu. Kazi ya mbwa ilikuwa kuogelea, kumchukua ndege kwa mdomo bila kumtafuna, na kumleta mpaka mkononi mwa bwana wake.

Mababu wa Labrador walikuwa mbwa wa wavuvi wa Newfoundland, kisiwa kikubwa cha upande wa mashariki wa Kanada. Walisaidia kuvuta kamba za nyavu na kukamata samaki waliotoroka. Katika karne ya 19 meli za samaki ziliwafikisha Uingereza, na matajiri wa huko wakawazalisha. Chama cha mbwa cha Uingereza kiliwatambua rasmi mwaka 1903. Golden yeye ni wa Scotland. Mwaka 1868, kwenye mashamba ya Guisachan, tajiri mmoja aliyeitwa Dudley Marjoribanks, ambaye baadaye alipata cheo cha Lord Tweedmouth, alimpandisha dume wa rangi ya manjano aliyeitwa Nous kwa jike aliyeitwa Belle. Walizaliwa watoto wanne wa manjano, na uzao wa Golden unaanzia hapo.

Tunawaeleza hayo kwa sababu kazi ya mababu inaonekana mpaka leo katika lupango. Mbwa wa namna hii anapenda maji, hata yale ya beseni lako la nguo. Anapenda kubeba kila kitu kwa mdomo: kandambili, kitambaa, mwanasesere wa mtoto. Na anapenda kuwa karibu na watu. Ukimfunga peke yake nyuma ya nyumba kutwa nzima, atalia, atachimba, atatafuna mlango. Huo si ubaya wa roho. Ni mbwa aliyezalishwa kwa kazi na hana kazi.

Nywele, na hali ya hewa ya kwetu

Wote wawili wana nywele za tabaka mbili, za juu za kuzuia maji na za ndani laini za kuzuia baridi. Wote wawili wanapukutisha nywele. Kama unafagia mara moja kwa siku, utafagia mara mbili. Lakini nywele za Labrador ni fupi, na kuchana mara moja kwa juma kunatosha. Zake ni nyeusi, za manjano ao za rangi ya kahawia. Golden ana nywele ndefu kifuani, nyuma ya miguu na mkiani. Anahitaji kuchanwa mara tatu ao nne kwa juma. La sivyo zinafungamana, na ngozi chini yake inaanza kuoza bila ninyi kuona.

Basi angalieni mnakaa wapi. Bukavu na Goma ziko kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari, na Butembo ni juu zaidi. Usiku ni baridi, na Golden hapo anapumua vizuri. Lakini mama wa Uvira, wa Kalemie ao wa Kindu anajua jua la saa saba mchana lilivyo. Huko Golden atateseka, na hata Labrador atahitaji kivuli cha kweli na maji safi siku nzima. Lubumbashi iko katikati: mwezi wa 6 na wa 7 kuna baridi, lakini mwezi wa 10 joto linachoma. Pahali popote, mtembezeni alfajiri ao jioni, na msimfunge juani. Na kama mna Golden, msimnyoe kama kondoo mkidhani mnamsaidia. Nywele zile zinamkinga na jua pia, na zikinyolewa kabisa mara nyingi hazirudi zilivyokuwa.

Kuna mambo mengine matatu ya kwetu ambayo vitabu vya Ulaya havisemi sana. La kwanza ni kupe. Katika nywele ndefu kupe anajificha, na homa ya kupe inaua mbwa kwa siku chache. Mbwa mwenye nywele fupi unampapasa kila jioni na umemaliza. Mwenye nywele ndefu anataka nusu saa. La pili ni yule nzi anayetufanya tupige pasi hata nguo za ndani za watoto, anayetaga mayai kwenye kitambaa chenye unyevu na kwenye mchanga, na funza wake anaingia ngozini. Mbwa analalia mchanga huo huo. Kilalio chake kianikwe juani mpaka kikauke kabisa, na ukiona uvimbe wenye tundu dogo, mpeleke kwa mganga wa wanyama.

La tatu ni kwa wamama wa Goma na Sake. Mnajua mazuku, ile hewa mbaya inayojikusanya katika mabonde madogo na mashimo. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida na inakaa chini, karibu na udongo, pale pale pua ya mbwa inapopita. Mbwa anayependa kunusa na kukimbia ovyo anaweza kuingia humo asitoke, na mtoto anayemfuata vilevile. Huko mbwa asiachiliwe, na watoto waambiwe kwamba mbwa akianguka bondeni wasimfuate. Na Uvira na Kalemie, mbwa anayependa maji asiachwe aogelee popote katika Tanganyika: mamba wapo.

Tabia na tumbo

Wote wawili ni wapole kwa watu na wanafundishika kwa urahisi. Ndiyo sababu katika nchi nyingi wanaongoza vipofu. Labrador ana nguvu nyingi na haraka nyingi. Akiwa na mwaka mmoja atamwangusha mtoto wa miaka mitatu kwa kumsalimu tu. Golden kwa kawaida ni mtaratibu kidogo, na anaumia roho akifokewa. Lakini yeyote kati yao hupita katika ujana wa fujo mpaka miaka miwili hivi. Mbwa mtulivu mliyemwona katika simu ni mtu mzima aliyefundishwa. Anayekuja nyumbani kwenu ni mtoto mwenye meno.

Kwa habari ya chakula, Labrador hashibi. Mwaka 2016 watafiti wa chuo kikuu cha Cambridge, Uingereza, walieleza kwamba karibu robo ya Labrador wana kasoro katika jeni moja inayohusu njaa, na mbwa mwenye kasoro hiyo huomba chakula zaidi na kunenepa zaidi. Kwa hiyo macho yake ya huruma pembeni mwa sahani yasiwadanganye. Pitisha mkono ubavuni mwake: mbavu uzisikie chini ya vidole bila kuziona kwa macho. Mafuta ya ziada yanaharibu nyonga, na nyonga ndiyo udhaifu wa uzao huu na ule. Golden ana huzuni nyingine: kansa inawapata wengi. Marekani, tangu mwaka 2012, kuna utafiti unaofuata Golden zaidi ya 3,000 maisha yao yote ili kujua sababu.

Mbwa wa kilo 30 anahitaji kama gramu 350 za chakula kikavu cha dukani kila siku, yaani zaidi ya kilo 10 kwa mwezi. Wengi wetu hatutanunua hicho. Tutampikia, na inawezekana: bukari ao wali, pamoja na ndagala ao sambaza waliosagwa na mifupa yao, mboga kidogo, mara moja moja yai. Lakini mtoto wa mbwa mkubwa akilishwa bukari peke yake mifupa inapinda, kwa sababu hapati chokaa wala nyama ya kujenga mwili. Vitunguu, chokoleti, na mifupa ya kuku iliyopikwa ni mwiko. Mchuzi wenye chumvi na mafuta mengi pia si wake.

Mwizi akija usiku

Hapa wababa wengi wanakosea hesabu. Wanasema: tuchukue mbwa mkubwa atulinde. Kweli atabweka mtu akigonga, na sauti nene inasaidia kidogo. Lakini Labrador na Golden wamezalishwa kwa miaka zaidi ya 100 wawapende watu, wageni wakiwemo. Mwizi anayekuja na kipande cha nyama atapokelewa kwa mkia. Kumpiga ao kumnyima chakula ili awe mkali hakumfanyi mlinzi. Kunamfanya mbwa mwoga, na mbwa mwoga ndiye anayeuma watoto. Kama mnatafuta ulinzi, kufuli nzuri, taa, majirani wanaojuana na sentineli mwaminifu ni bora kuliko wote wawili. Na mbwa wetu wa kienyeji, anayejua kuishi na chakula chetu na joto letu, mara nyingi huwa na sikio jepesi kuliko hawa na anakula nusu yao. Asidharauliwe kwa sababu hana jina la Kizungu.

Chanjo inakuja kabla ya jina

Wamama, hapa hatuna mchezo. Kichaa cha mbwa, ambacho wengine wanakiita raji, kipo katika nchi yetu, na dalili zikishaanza kwa mtu karibu hakuna anayepona. OMS, shirika la afya la dunia, linasema kwamba karibu visa vyote vya watu vinatoka kwa mbwa, mpaka asilimia 99, na kwamba kati ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, 40 kwa kila 100 ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto anacheza chini, anauma mkate mbele ya mbwa, anavuta mkia. Na mara nyingi anaficha jeraha kwa kuogopa kupigwa.

Kwa hiyo mbwa yeyote, wa kigeni ao wa kwetu, achanjwe akiwa na miezi mitatu, arudiwe mwaka unaofuata, kisha kwa tarehe ambazo mganga wa wanyama ataandika. Aongezewe chanjo ya parvo na ya ugonjwa wa Carré, zinazoua watoto wa mbwa, na dawa ya minyoo, kwa sababu minyoo yake inaweza kuingia kwa watoto wetu. Tarehe 28 ya mwezi wa 9 ni siku ya dunia ya kupiga vita kichaa cha mbwa. Vikundi viulize mapema katika biro ya mifugo ya eneo lao kama kuna mpango wa chanjo.

Na mtoto akiumwa ao akikwaruzwa, na mbwa yeyote, hata wa jirani mnayemheshimu: osheni jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili kwa saa. Msitie pilipili, majivu ao mafuta ya gari. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo mkaulize chanjo. Mbwa anayejulikana afungwe na atazamwe siku 10, asiuawe na kutupwa kwa hasira, maana afya yake ndiyo itakayowaonyesha waganga hatari ilivyo. Lakini msingoje siku hizo ziishe ndipo mwende kwenye kituo. Na waambieni watoto leo, kabla ya mbwa wowote kufika: atakayesema ameumwa hatapigwa.

Hata mbwa mpole namna gani, asiachwe peke yake na mtoto mdogo. Watoto wafundishwe mambo matatu: usimguse mbwa anayekula, usimwamshe mbwa anayelala, usimkumbatie shingoni. Akigeuza kichwa, akijilamba midomo, akikaza mwili, anaomba nafasi. Apewe.

Msinunue jina

Katika miji yetu mbwa yeyote wa manjano anaweza kuuzwa kama Labrador. Labrador wa manjano na Golden wakiwa na miezi miwili hata mzoefu anaweza kuwachanganya. Ombeni kumwona mama yao. Mkia wa Labrador ni mnene wenye nywele fupi. Wa Golden unaning'iniza nywele ndefu kama pindo la shali. Mama akiwa mwoga ao mkali, ondokeni, hata kama watoto wanalia. Msichukue mtoto wa mbwa kabla ya majuma 8, na msilipe kabla ya kuona kitabu cha chanjo. Mkichukua jike, jueni anapata joto karibu mara mbili kwa mwaka, na uzao mmoja unaweza kuleta watoto 7 ao 8. Ulizeni bei ya kumfunga kizazi kabla hajafika, si baada.

Baraza la nyumba

Sasa turudi kwa swali la mwanzo. Tunapendekeza kwamba kabla ya kusema ndiyo, mkae chini wote, baba, mama na watoto wanaoweza kusema, mchukue karatasi. Andikeni: nani anampikia asubuhi na jioni? Nani anamtembeza saa moja kila siku, mvua ikinyesha? Nani anaokota kinyesi? Nani anamtafuta kupe? Kisha hesabuni chakula cha mwezi, chanjo na dawa kwa faranga za soko lenu, na muweke jumla hiyo pembeni ya minervali ya watoto. Kama minervali inatikisika, mbwa asubiri. Si aibu.

Tumesikia mama mmoja akisema katika mkutano: "Mbwa alikuja kwa jina la watoto, lakini sufuria yake iko kwenye figa langu." Wengi walicheka, kwa sababu wengi walijijua. Mbwa wa namna hii anaweza kuwa furaha ya kweli nyumbani. Mtoto mwenye haya anajifunza kusema naye, mzee anapata wa kukaa naye barazani, na kijana anayemtunza vizuri anajifunza kutunza watu. Lakini furaha hiyo haiji kama mzigo wote uko mgongoni mwa mtu mmoja ambaye hakuulizwa.

Karatasi ikijaa majina ya wote, basi chagueni. Joto, watoto wakubwa wenye mbio, na muda mchache wa kuchana: Labrador, na mlinde chakula chenu. Mlima, baridi, nyumba tulivu na mkono wa subira wenye kitana: Golden. Na karatasi ikijaa jina moja tu, la mama, basi mama aikunje, aiweke mfukoni, na aseme hapana bila kuomba msamaha.

Juma linalokuja, kila kikundi kilete jibu la swali moja: katika avenyu yenu, ni mbwa wangapi mnaowajua, na wangapi wamechanjwa? Tutahesabu pamoja, na hesabu hiyo tutaipeleka kwa waganga wa wanyama.